Gorogoro Ambayo Sikuigeuza

Bi Mwanaisha alifariki mwaka huu, mvua za masika zikikaribia kwisha, na mwezi uliofuata nikapigiwa simu na kijana mmoja mwenye adabu nyingi. Alisema wanaandaa sherehe ya kuwatuza watu waliowatetea na kuwaelimisha wanunuzi katika nchi hii, kwamba marehemu angepewa tuzo ya heshima, na kwamba mimi, kwa kuwa nilifanya kazi naye tangu mwanzo mwanzo, niwaandikie ukurasa mmoja wa kusomwa ukumbini. “Mama, tafadhali usipite ukurasa mmoja,” alisisitiza, “kuna chakula baadaye.” Nikawaandikia. Nilisema alianza na vyumba viwili na taipureta moja, kwamba aliwafundisha akina mama wa mtaa wa Kabiria kusoma tarehe kwenye pakiti ya maziwa, kudai risiti na kupima walichonunua, na kwamba hakuogopa mwenye duka wala wakili wa mwenye duka. Yote ni kweli. Yakasomwa, watu wakapiga makofi, nami nikala kuku wao. Lakini jambo ambalo mimi nalihesabu kubwa kuliko yote aliyoyafanya halikuwamo, kwa sababu haliwezi kusimuliwa bila kunitaja mimi, na humo sitajwi kwa uzuri. Leo hakuna anayenipimia kurasa, basi nitalisimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ofisi yetu ilikuwa katikati ya jiji la Nairobi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa kabla sijazaliwa. Chumba cha mbele kilikuwa changu: meza, mizani, benchi la wenye malalamiko, na kabati la chuma lisilofungika. Chumba cha nyuma kilikuwa cha Bi Mwanaisha, na kati yetu palikuwa na ukuta wa plaiwudi mwembamba kiasi kwamba nilijua akiwa anasali, akiwa anasinzia na akiwa anagombana na mtu kwa simu. Hakupandisha sauti. Alikuwa mtu wa Mombasa, mfupi, aliyefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka mingi kabla ya kuanzisha chama chake cha wanunuzi, na alizungumza na wenye maduka kama alivyozungumza na watoto wasiojua kugawanya. “Bwana, mimi sikugombi,” nilimsikia akisema. “Mimi nakusomea tu kilichoandikwa kwenye risiti yako mwenyewe.” Watu walituletea pasi iliyoungua siku ya pili, viatu vilivyoachama, godoro lililokonda. Saa nne asubuhi alifunua bakuli la mahamri na mbaazi za nazi, akaniita nije nile. “Kula, mwanangu. Mwenye njaa hasikilizi shida ya mwenzake.” Nilikula, kisha nikarudi mbele kusikiliza shida.

Jioni nilirudi Kabiria, kwenye chumba changu kimoja katika ploti ya mabati yenye milango kumi na miwili na bomba moja. Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa Mama Nafula. Aliuza nafaka kando ya barabara karibu na soko: maharagwe, ndengu, mahindi, yote katika magunia yaliyokunjwa midomo. Alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi kama mimi, tukisali kanisa moja, na wiki yangu ya kwanza pale alinikuta nikipika chai kavu kwa ajili ya chakula cha usiku, akasimama mlangoni akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira. “Wewe mtoto, hiyo ndiyo unakula? Zima hiyo stovu. Kuja.” Tangu siku hiyo nilikula kwake karibu kila jioni. Chumba chake kilikuwa kama changu, isipokuwa cha kwake kilikuwa na pazia lililotenga kitanda, viti viwili vya mbao, na mfuko wa maharagwe uliokuwa kiti cha tatu. Mimi nilikalia mfuko. Alisonga ugali mkubwa, akaweka maharagwe yaliyoungwa kwa kitunguu kingi, siku nyingine mboga ya mrenda, na alikasirika ukiacha kitu kwenye sahani. Hakunitoza hata thumuni. Sasa nina umri wa kuzidi ule aliokuwa nao, nimekula kwenye hoteli za watu wakubwa, na bado nikisikia harufu ya kitunguu kinaungua kidogo kwenye mafuta, mate hunijaa kwa ajili ya kile chumba.

Katikati ya mwaka Bi Mwanaisha alinijia na wazo. “Sisi kila siku kazi yetu kuwataja wezi,” alisema, “hata watu wamechoka. Kwani waaminifu hawapo? Nao watajwe.” Akaamua tutoe vyeti kwa wauzaji wadogo wanaopima kwa haki, tuanzie Kabiria, ambako kila Jumamosi tulifundisha akina mama katika ukumbi wa kanisa. Mtu apewe karatasi nzuri yenye muhuri, aitundike kibandani, mnunuzi aione. Wazo lilikuwa zuri, na hata leo naona watu wakilifanya kwa pesa nyingi na mabango makubwa, wakidhani limeanza kwao. Masharti aliyaandika yeye mwenyewe. Kwa kila muuzaji kinunuliwe kitu mara tatu, na watu watatu asiowafahamu, na kila kitu kipimwe kwa mizani ya ofisi. Halafu mkaguzi aiombe gorogoro yake, aigeuze, atie mkono.

Kwa asiyejua, gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, ambao mafuta yakiisha huenda sokoni ukawa kipimo cha nafaka. Ukigongwa kitako kwa mchi, kitako hubonyea kuingia ndani, na mkebe ukabaki na sura ile ile kwa juu huku ukiwa umemeza viganja viwili vya mteja. Hilo ndilo lilikuwa somo letu la kwanza kila Jumamosi. Mimi ndiye niliyelifundisha. Nilisimama mbele na mikebe miwili, mmoja mzima na mmoja uliogongwa, nikaijaza mahindi, nikayamwaga kwenye magazeti, na akina mama waliguna kwa mshangao kila mara, hata wale walioliona somo hilo mara nne.

Wauzaji waliopendekezwa walikuwa kumi, na kazi ya kuwapima nilipewa mimi. Tisa niliwapima kama ilivyoandikwa. Niliwatuma watu, nikapanda ghorofa tatu na mifuko, nikapima, nikarudi kukagua mikebe, na mmoja wao aliniita mpelelezi mbele ya wateja wake. Wa kumi alikuwa Mama Nafula. Kwake nilinunua mimi mwenyewe, mara zote tatu, nikipita kutoka kazini. Alijaza gorogoro mpaka ikawa na kilima, maharagwe yakawa yanaporomoka pembeni, halafu akaongeza kiganja cha nyongeza akisema, “Chukua, umekonda.” Ofisini mizani ilionyesha zaidi ya kilo mbili. Kwenye fomu ya ukaguzi nikajaza ununuzi wa kwanza kwa jina langu, na kwa ule wa pili na wa tatu nikaandika majina ya akina mama wawili wa kanisani ambao hawakuwahi kwenda. Mvua ilikuwa inanyesha wiki hiyo, na nilijiambia kutafuta watu wengine ni kupoteza muda kwa jambo linalojulikana. Gorogoro sikuigeuza. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Kwetu, kugeuza chombo cha mtu anayekulisha ni sawa na kumfunulia sufuria uone anapika nini, na mimi nililelewa vizuri.

Vyeti vilitolewa Jumamosi ukumbini, wauzaji wote kumi wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Mama Nafula alikipokea chake kwa mikono miwili na goti, kama anapokea mtoto, na Jumatatu akakipeleka kwa fundi kikatiwe fremu yenye kioo. Alikitundika kwenye nguzo ya kibanda, juu ya magunia. Wateja waliongezeka mpaka akaanza kurudi nyumbani amechelewa, miguu imevimba, na bado akasonga ugali. Nilikuwa na furaha kubwa. Nilijiona nimelipa fadhila bila kumgharimu mtu yeyote.

Wiki ya tatu akaja Consolata. Alikuwa mama anayefua nguo za watu kwa kibarua cha siku, na kila Jumamosi aliketi benchi la mbele akiandika kwenye daftari la mtoto wake. Aliingia ofisini akihema kwa ngazi, akaweka mfuko wa karatasi mezani pangu. Kule nyuma Bi Mwanaisha alikuwa akisali adhuhuri.

“Sasa, Rispa. Nimekuja na hii maharagwe. Mlituambia tupime. Nimepima pale kwa posho mill, wanaposaga unga, na haifiki kilo mbili.”

“Labda mizani yao ni mbovu.”

“Nilijua utasema hivyo. Ndiyo maana nimekuja nayo. Pima na yenu.”

Nikapima. Zilipungua sana, zaidi ya robo kilo. Nikamwuliza amenunua wapi, ingawa nilianza kukisia kabla hajajibu.

“Kwa Mama Nafula. Mimi sikuwa nanunua kwake. Nilikuwa nanunua kwa ule mzee wa karibu na kanisa, lakini huyo hana karatasi. Nilihama juu ya hiyo karatasi yenu.” Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayeripoti kwamba bomba linavuja. “Aliijaza gorogoro, halafu akapitisha mkono juu, shwaa, ikakaa level. Mkebe sikugeuza. Nilisema, si nyinyi mligeuza?”

Nikamwandikia fomu ya malalamiko, nikamwambia tutashughulikia. Alipoondoka nikaiweka fomu kwenye droo, chini ya bahasha. Bi Mwanaisha alipomaliza sala akauliza ni nani aliyekuja, nikasema ni mtu aliyekuwa akiulizia njia. Fomu ilikaa kwenye droo siku nne. Siku zote hizo nilipokea malalamiko ya wengine, nikaandika barua kwa wenye maduka nikiwataka waeleze, ndani ya siku kumi na nne, kwa nini walimdanganya mteja wao.

Siku ya nne, jioni, nilipokaa juu ya mfuko na sahani mapajani, nikamwambia Mama Nafula naomba kuona gorogoro yake. Ilikuwa pale mlangoni, ndani ya karai. Hakuinuka. Nikaenda mwenyewe, nikaigeuza. Kitako kilikuwa kimeingia ndani kiasi cha kuketisha kikombe cha chai.

“Nani amekutuma?” aliuliza.

“Hakuna.”

“Basi sikiza. Hiyo mkebe nilinunua ikiwa hivyo. Wote wako nayo hivyo. Hata mimi nikienda mjini kuchukua gunia, napewa gunia imepungua, na hakuna mtu ananipimia mimi.”

“Lakini mimi ulikuwa unanijazia.”

“Wewe ni mtoto wangu!” Sasa alikuwa amekasirika kweli. “Wewe nitakupimia aje kama mtu wa barabara? Na hii chakula umekula hapa mwaka mzima, ulikuwa unadhani inatoka wapi? Mimi sina shamba Nairobi.”

Nimeyasikia maneno yale mara nyingi tangu hapo. Nimeyasikia kutoka kwa watu wenye tai na wahasibu, kwamba kila mtu hupunguza, kwamba nao hupunguziwa na wa juu yao, na kutoka kwao hayajawahi kunisumbua hata kidogo. Kutoka kwa Mama Nafula yalinisumbua kwa sababu alikuwa anasema kweli. Alipunjwa kila alipokwenda kununua gunia. Na hicho alichokipunguza hakukijengea nyumba, alikisongea ugali na kunipa mimi. Ila pia ilikuwa kweli kwamba mahali fulani, ng'ambo ya mtaro uliokata mtaa wetu, Consolata alikuwa akiwagawia watoto wake maharagwe yasiyotosha, na juu ya upungufu ule palikuwa na muhuri niliougonga kwa mkono wangu. Nilimaliza chakula kilichokuwa kwenye sahani. Sikujua la kufanya, na kuacha chakula kungemkasirisha zaidi.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda Woodley, nyumbani kwa Bi Mwanaisha, kama nilivyofanya mara moja kwa mwezi. Ilikuwa nyumba ya zamani ya baraza la jiji, yenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikang'aa, makochi yenye vitambaa vya kushonwa kwa mkono, na dirisha linalotazama ua wa michongoma. Dada yake alikuwa amekuja kutoka Mombasa. Wakaniketisha sebuleni, wao wakarudi jikoni kupakua, na kwa kuwa maisha yangu yote na Bi Mwanaisha yalikuwa ya kusikia yasemwayo upande wa pili wa ukuta, nilisikia pia hayo.

“Na hivyo vyeti,” dada mtu aliuliza, “una hakika gani? Muuzaji ni muuzaji.”

“Nina msichana,” Bi Mwanaisha akajibu, huku kijiko kikigonga sufuria. “Yule pale. Akikwambia kilo, usiipime tena.”

Walipoingia na sinia la pilau na kachumbari nilikuwa nimeanza kulia. Niliwaambia yote, vibaya, kwa kurudi nyuma na kuruka mbele. Bi Mwanaisha hakunibembeleza. Alivua miwani, akaniuliza maswali mafupi kama mwalimu anayetafuta mstari ambao hesabu iliharibikia. Nilinunua mara ngapi? Niliandika majina ya nani? Fomu ya yule mama iko wapi? Na wale wengine tisa?

“Hao nilipima sawasawa.”

“Nitajuaje?”

Katika mambo yote aliyoniambia siku ile, hilo ndilo lililoniumiza zaidi, na hakulisema kwa kuniumiza. Alitaka tu kujua, na hapakuwa na njia ya kujua.

Dada yake alimwonea yeye huruma zaidi, nadhani, kuliko alivyonionea mimi. “Mchuma janga hula na wa kwao,” alisema. “Mfukuze, weka mwingine, hiyo karatasi iondolewe kimyakimya. Nani atajua?”

“Nikimfukuza, yule mama wa maharagwe atajua nini?” Bi Mwanaisha akauliza. “Atajua msichana hayupo. Hatajua kwamba karatasi yetu ilisema uongo, na kesho atanunua tena kwa kuitazama.” Akanigeukia. “Wote kumi nitawapima upya mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Kile cheti utakwenda kukichukua wewe. Na Jumamosi utasimama mbele yao useme ulivyofanya, bila karatasi mkononi. Baadaye ndipo nitajua kama una kazi. Sasa kula. Pilau haina kosa.”

Ijumaa nilikwenda kibandani. Mama Nafula aliponiona nimesimama pasipo mfuko wa kununulia alielewa. Akapanda juu ya gunia, akakishusha cheti, akakunjua misumari ya nyuma kwa kisu, akaitoa karatasi na kunipa. “Fremu ni yangu,” alisema. Wateja wawili walikuwa wanatazama. Nilimwambia samahani, naye akawaambia wateja wasogee waone ndengu mpya. Hakuniita tena kula. Mlango wake ulikuwa hatua nne kutoka wangu, na jioni nilisikia akisonga, nikasikia mwiko ukikwangua sufuria, nikapika chai kavu. Mwisho wa mwezi nilihama. Sikuwahi kujua kama alibadilisha mkebe, na kwa miaka mingi niliogopa kupita njia ile nikajua. Nilimpenda yule mama. Bado nampenda, na sijui kama yupo hai.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mabati yalikuwa yamepata jua, kukawa na joto, watoto wakisinzia migongoni na wengine wakinyonya mapajani. Bi Mwanaisha alisimama, akasema tu, “Leo somo letu linahusu ofisi yetu,” akaketi kwenye benchi la pembeni pamoja na wanafunzi. Nikasimama mbele, mahali pale pale nilipozoea kusimama na mikebe yangu miwili. Nilisema kwamba kwa Mama Nafula nilinunua peke yangu, na yeye ananijua. Kwamba niliandika majina ya watu ambao hawakwenda. Kwamba gorogoro sikuigeuza, mimi niliyewafundisha kuigeuza, kwa sababu nilikuwa nakula kwake karibu kila siku, na nilipoletewa malalamiko niliyaficha kwenye droo. Nilisema karatasi ile ilikuwa ya uongo, na uongo ulikuwa wangu. Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwingine akasema, “Siku za mwizi ni arobaini,” wala sikujua kama anamsema Mama Nafula au mimi.

Kisha Consolata akasimama kwenye benchi lake la mbele, daftari la mtoto likiwa kwapani. Alichukua muda kupanga swali lake.

“Kwa hivyo hiyo maharagwe yangu yenye ilipungua,” alisema, “ni wewe ulikuwa unakula?”

Nilimtazama Bi Mwanaisha. Alikuwa ananitazama, lakini hakunisaidia.

“Ndiyo,” nikasema. “Ni mimi.”

“Na ilikuwa tamu?”

Hakuna aliyecheka safari hii. Consolata alikuwa anangoja jibu, kalamu ameishika, na nikaona kwamba hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua.

“Ilikuwa tamu sana,” nikamwambia.

Akaketi, akafungua daftari, akaandika.